Kiribatumbo na huduma ya dharura kabla ya hospitali

Huduma ya dharura kabla ya hospitali ni yote anayofanyiwa mgonjwa tangu msaada unapomfikia nyumbani, shambani au kando ya barabara mpaka anapokabidhiwa kwa wauguzi wa kitengo cha dharura. Kwa mgonjwa mwenye kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi, hatua hizo ni zilezile, ila namna ya kuzitekeleza hubadilika. Kitabibu, kiribatumbo huanza pale kilo za mtu zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha kimo chake kwa mita zinapotoa 30 au zaidi. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 109 amefika 40, ambalo ni daraja la juu kabisa. Neno lenyewe, lenye kiriba cha maji ndani yake, ni la kuandikwa kwenye fomu na si la kutamkwa mbele ya mgonjwa.

Zito kuliko yote ni suala la pumzi. Mgonjwa huyu akilazwa chali, tumbo husukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenga tumbo na kifua, mapafu hubaki na akiba ndogo ya hewa, na oksijeni ya damu hushuka upesi kuliko kwa mtu mwembamba. Huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, akiba hiyo huanza ikiwa imepunjwa, kwa sababu mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi huwa na oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Kwa hiyo, pasipo shaka ya jeraha la uti wa mgongo, ainuliwe mabega na kichwa mpaka tundu la sikio lilingane na ncha ya juu ya mfupa wa kifua. Mablanketi yaliyokunjwa yanatosha, na nyumba ya Makete au Njombe haiyakosi. Shaka hiyo ikiwepo, huinuliwa ubao mzima aliolazwa, upande wa kichwani.

Presha nayo hudanganya. Mkanda mfupi kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko hali halisi, hivyo mtu anayevuja damu ndani kwa ndani anaweza kuonekana hana neno. Kama mkanda mpana haupo, hupimwa kigasha, yaani mkono chini ya kiwiko, na jambo hilo huandikwa. Kukandamiza kifua moyo unaposimama hakubadiliki: kina ni sentimita 5 hadi 6, na wahudumu hupokezana kila dakika 2.

Kubeba kunahitaji hesabu kabla ya nguvu. Kila machela ina kikomo cha uzito alichokiweka mtengenezaji, na mtungi wa oksijeni ukilazwa juu yake nao huhesabiwa. Kwenye vijia vya Rungwe vinavyoteleza wakati wa masika, watu sita waliopangwa ni bora kuliko kumi na wawili wanaovutana. Ndani ya gari, kichwa cha mgonjwa kwa kawaida huelekea mbele, kwa hiyo kwenye mteremko kama wa Kitonga tumbo huhamia kifuani. Mikanda ya mabega ifungwe na mgongo wa machela uinuliwe kabla ya kuanza kushuka.

Hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka, itajiwe uzito wa kukadiria, kwa kuwa kitanda kipana na watu wa kumhamisha havipatikani kwa dakika moja.