Korosho ghafi si "crude": dhana potofu kuhusu vivumishi vya Kiingereza

Minada ya korosho ikianza, na mimi huanza kuletewa barua. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Mtwara mjini, na wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wenye kazi zao: makarani wa maghala, wahudumu wa nyumba za wageni za Shangani, vijana wanaotembeza watalii Mikindani na Kilwa. Barua ya kwenda nje wananiletea niipitie kabla haijatumwa. Msimu uliopita karani mmoja alikuja na barua ya kwenda kwa mnunuzi wa India. Mstari wa kwanza kabisa ulisema "crude cashew nuts".

Nikamuuliza neno hilo kalitoa wapi. "Mwalimu, si ghafi hiyo? Mafuta ghafi ni 'crude oil'." Nikamwambia korosho ghafi ni "raw". Akanitazama, akasema, "Lakini maana yake si ileile tu?"

Kauli hiyo imenichosha. Naisikia kwa karani, kwa mhudumu, kwa kijana anayeandika barua ya kuomba kazi: maneno haya yote maana yake ni moja, chukua lolote. Si kweli, na ndiyo dhana inayoharibu Kiingereza cha watu wetu kuliko sarufi yoyote wanayoiogopa.

"Crude", katika biashara, hukaa hasa na mafuta yasiyosafishwa, kama ya petroli. Ukilipeleka kwingine mara nyingi hubeba harufu ya kitu kilichoundwa bila ustadi au cha kukosa adabu; "a crude joke" ni mzaha wa aibu. "Raw" hukaa na chakula kisichopikwa na mali isiyopita kiwandani: "raw meat", "raw cotton", "raw materials". Korosho isiyobanguliwa ni "raw cashew nuts", na wafanyabiashara wa korosho duniani hulifupisha jina hilo kuwa RCN. Halafu kuna mapato ghafi, yale ya kabla ya kutoa gharama na kodi. Hayo si "crude" wala "raw", ni "gross". Ghafi yetu ni moja, kwao ni tatu, na kila moja ina nomino zake.

Mzizi wa kosa nimeuona kwenye madaftari yao. Upande wa kushoto wameandika crude, raw, gross; upande wa kulia ghafi, ghafi, ghafi. Mtu akikariri hivyo, lazima aamini kwamba maneno ni sawa. Kamusi haina hatia hapa, kazi yake ni kukupa tafsiri. Ila kivumishi hakichaguliwi kwa tafsiri. Kinachaguliwa kwa kutazama nomino kinayokwenda kukaa nayo.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili Mswahili analijua tangu utotoni. Mvua yetu ni kubwa, upepo wetu ni mkali, usingizi ni mzito, giza ni nene. Mgeni akituambia amelala usingizi mnene tutamwelewa, na papo hapo tutajua kwamba lugha si yake. Mwingereza naye ana mpangilio wake: mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind", usingizi mzito ni "deep sleep", na sauti nene ni "deep voice". Ukimwambia "big rain" atakuelewa vilevile, kama sisi tulivyomwelewa yule wa usingizi mnene.

Tazama neno -kali peke yake. Kisu kikali ni "sharp", mbwa mkali ni "fierce", mwalimu mkali ni "strict", pilipili kali ni "hot", dawa kali ni "strong". Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kulalamika juu ya msimamizi wake, akaandika "our supervisor is very sharp". Aliyesoma alielewa kwamba msimamizi huyo ana akili nyepesi na haoni shida kufanya naye kazi.

Vijana wa Kilwa nawafundisha kwa -kuu na -kubwa. Mmoja wao alikuwa akiwaambia wageni kwamba ule msikiti wa Kilwa Kisiwani ni "Big Mosque". Nikamuuliza kama Waziri Mkuu ni waziri mkubwa. Akaelewa bila maelezo zaidi. Msikiti Mkuu ni "Great Mosque", kwa sababu "great" hubeba ukuu na heshima, ilhali "big" na "large" hupima ukubwa. Na hao wawili nao wana mipaka: idadi na kiasi huenda na "large", kwa mfano "a large number", lakini kosa kubwa ni "a big mistake". "A large mistake" inakwaruza sikio. Kijana huyohuyo alikuwa akiita Kilwa "historical". Mahali penye uzito katika historia, kama magofu yale yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni "historic". "Historical" ni kitu kinachohusu mambo ya kale kwa jumla, kama nyaraka.

Neno -refu nalo lina mtego. Mifupa ya dinosaria, yule mnyama mkubwa wa kale wa Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, leo imesimamishwa Berlin, na kimo chake kinazidi mita 13. Mnyama ni "tall", shingo yake ni "long", na shimo alimotolewa likiwa refu ni "deep". "High" iachie mlima, bei, na kitu kilicho mbali na ardhi. Usimwambie mtu yeyote kuwa ni "high" ukimsifia urefu. Utakuwa umesema amelewa dawa za kulevya.

Dhana potofu nyingine nitazipitia haraka.

Wapo wanaoamini kwamba neno zito ndilo la msomi. Kiingereza kilipata tabaka la maneno ya Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na la Kilatini juu yake, ndiyo maana kuna "kingly", "royal" na "regal". Jeshi la majini la Uingereza ni "Royal Navy" na hakuna anayelibadilisha, awe msomi asiwe msomi. Ni mazoea ya nomino, si cheo cha neno.

Wapo wanaotia "very" kila mahali. "Very enormous" na "very excellent" si sahihi, maana ukali tayari umo ndani ya neno. Ukitaka kusisitiza, weka "absolutely".

Mwombaji kazi anayeandika "I am interesting in this job" anajisifu badala ya kuonyesha nia. Wewe ni "interested", kazi ndiyo "interesting". Sitaki kulirudia hili tena.

Na wenye nyumba za wageni, nawaomba sana: futeni "cheap rooms" kwenye vibao. Rahisi yetu haina ubaya, lakini "cheap" humfanya mgeni afikirie godoro bovu. Andikeni "affordable". Bei yenyewe huwa "low".

Kwa wanafunzi wangu sasa nimepiga marufuku kuandika kivumishi peke yake kwenye daftari. Kila kivumishi kiandikwe na nomino tatu zinazokipokea, na tafsiri isiwekwe mpaka wiki ya pili. Wengine wanalalamika kwamba ni polepole. Ni polepole kweli, na sitalegeza.

Yule karani alifuta "crude", akaandika upya ukurasa mzima: juu gross income, chini raw cashew nuts, raw meat, raw materials. Akafunga daftari, akalifungua tena.

"Mwalimu, na ule uzito wa korosho pamoja na magunia yake?"

"Wewe waonaje?"

Akarudi juu ya ukurasa, akapitisha kidole kwenye mapato ghafi. "Gross weight," akasema, akaliandika chini ya "gross income".