Je, wajua kwa nini kanisa dogo linaweza kuwa kathedrali na kubwa likakosa?

Ukiuliza watu kathedrali ni nini wengi watakwambia ni kanisa kubwa lenye minara mirefu na vioo vya rangi, basi. Hapana jamani, ukubwa hauhusiani. Kinacholifanya kanisa liwe kathedrali ni kiti cha askofu wa jimbo, au dayosisi kama wanavyosema Waanglikana na Walutheri. Kiti kikiwepo, hata kanisa liwe la bati na watu wanakaa kwa kubanana, hiyo ni kathedrali.

Angalia Roma kwenyewe. Kanisa la Mtakatifu Petro, lile tunaloliona kwenye TV kila Pasaka, si kathedrali ya Papa! Papa ni askofu wa Roma na kiti chake kiko kanisa la Mtakatifu Yohane Laterani, upande mwingine wa mji. Ndo maana Papa Leo XIV alichaguliwa tarehe 8 Mei 2025, Misa ya kuanza utume ikafanyika pale uwanja wa Mtakatifu Petro tarehe 18, lakini tarehe 25 ilibidi aende Laterani kukalia kiti chake.

Sasa kwa nini kiti? Kwa sababu zamani mwalimu alifundisha akiwa amekaa, hata Yesu kule mlimani, Mathayo 5, aliketi kwanza ndo akaanza kusema. Kwa hiyo kile kiti ni alama ya askofu kufundisha na kuwaunganisha watu wake, na padre akiongoza Misa pale anakaa kiti kingine, hakigusi kile.

Kwa Wakatoliki utaliona vizuri zaidi hili Juma Kuu, kwenye Misa ya Krisma. Mapadre wa jimbo wanakusanyika kathedrali, wanarudia ahadi zao mbele ya askofu, halafu yeye anabariki mafuta ya wagonjwa na ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na kwenye krisma yenyewe, ambayo ni mafuta yaliyochanganywa na manukato, anapuliza pumzi yake juu ya chombo kabla ya kuyaweka wakfu. Kisha kila parokia inabeba ya kwake kwenye vichupa. Yaani mtoto akibatizwa kigangoni kule mbali kabisa ambako askofu hajafika miaka, krisma anayopakwa imetoka kathedrali. Mimi hili linanigusa sana.

Na mahali pa kuweka kiti pia pana maana yake. Zanzibar, Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa 1873 na Krismasi ya mwaka huohuo Waanglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni, chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu 1874, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Altare inasemekana imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa viboko. Wangeweza kutafuta kiwanja kingine kisafi kisicho na historia hiyo, lakini wakaamua kwamba askofu atafundisha kutoka hapo walipouzwa watu, na mpaka leo Mkunazini ni kathedrali ya Dayosisi ya Zanzibar.

Ukiingia kwenye kathedrali yoyote tafuta kile kiti karibu na altare, mara nyingi kina nembo ya askofu kwa juu.