Je, Wajua Kwa Nini Ekari Ni Hatua 70 kwa 70?

Ukienda kutafuta shamba Chanika, Kibaha au Bagamoyo, dalali hatakutajia mita. Atakwambia, "Bosi, hii ekari moja kamili, sabini kwa sabini." Ukiuliza sabini za nini, atakutazama kama mtu aliyeshuka na ndege jana. Hatua, bosi. Hatua za miguu. Basi mtu mmoja anatangulia akihesabu kwa sauti, kijana anamfuata akichomeka vijiti, na jua halijawa kali mmeshaanza kuvutana bei.

Lakini kwa nini 70? Mbona si 50, au 100 inayohesabika kirahisi?

Ekari tumeirithi kwa Waingereza. Kwao zamani ilikuwa eneo ambalo maksai wangeweza kulilima kwa siku moja, na halikuwa na umbo la mraba. Lilikuwa refu na jembamba, yadi 220 kwa yadi 22, maana jembe la maksai ni kazi kuligeuza. Afadhali waende mbali ndipo wageuke. Hizo yadi 22 ndizo pia urefu wa mnyororo wa kupimia ardhi alioubuni Edmund Gunter mwaka 1620. Zidisha 220 kwa 22, unapata yadi za mraba 4,840.

Sasa lichukue eneo hilohilo ulifanye mraba wenye pande sawa. Kila upande unatoka yadi 69 na nusu na ushee. Nani atahesabu nusu hatua porini? Ukikadiria, ni 70. Na yadi moja ni sentimita 91, ambayo ni hatua ya mtu mzima anayevuta mguu makusudi. Kwa hiyo dalali hakudanganyi. Sabini kwa sabini ni hesabu nzuri kabisa, mradi anayetembea awe na mguu wa yadi.

Shida ni huo mguu. Ekari halisi ina mita za mraba 4,047. Mtu wa kimo cha kawaida akitembea bila kujivuta, hatua yake ni kama sentimita 75. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu, na mraba wake ni mita za mraba 2,756. Umelipia ekari, umepewa theluthi mbili tu, na hakuna aliyekuibia; kila mtu alihesabu hadi 70 mbele yako. Kilichopungua ni karibu mita za mraba 1,300, yaani viwanja vitatu vya mita 20 kwa 20 na chenji inabaki. Ndiyo maana nashauri, ukikosa futikamba, hatua zipigwe na ndugu yako mrefu kuliko wote. Muuzaji naye atamleta mjomba wake mfupi, na hapo mtaelewana katikati.

Kwenye viwanja vidogo mambo ni yaleyale. "Ishirini kwa ishirini" inayotangazwa mitaani inaweza kuwa mita za mraba 400 ikiwa ni mita, 334 ikiwa ni yadi, au 225 ikiwa ni hatua za mtu mwenye haraka zake. Jina moja, viwanja vitatu. Cha mwisho ukishatoa nafasi ya shimo la choo na ya kupita pembeni, ile ramani ya vyumba vitatu uliyoipenda haiingii.

Wakenya wao husema "hamsini kwa mia" na wanamaanisha futi, si hatua. Kipande hicho wengi hukiita thumni ya ekari, yaani moja ya nane, jambo ambalo si kweli. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, wakati thumni halisi ni 5,445. Lakini kuna sababu ya kukiita hivyo. Ekari ina futi za mraba 43,560. Ukikata vipande vinane vya 50 kwa 100 unabakiwa na 3,560, na hizo ndizo zinazokwenda kwenye barabara ya kuingilia. Barabara ikiwa pana, hata vinane havitimii.

Neno jingine la kuulizia ni "kimepimwa". Kwa mpimaji aliyesajiliwa, kiwanja kilichopimwa kina bikoni, yaani alama za mpaka, kwenye kona zake, kina namba na kitalu, na kina ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Hapo vipimo ni mita za mraba au hekta, na hekta moja ni ekari mbili na nusu kasoro kidogo. Kwa muuzaji wa mtaani, "kimepimwa" inaweza kuwa na maana kwamba jana alipita pale na kamba. Usimkasirikie. Muulize tu namba ya kiwanja, kisha uipeleke ofisi ya ardhi ya halmashauri wakakague.

Kuna pia "ujazo", neno linalowachanganya hata wasomi. Halmashauri ikitangaza viwanja vya ujazo mkubwa, watu hukimbilia wakidhani ni vikubwa. Ni kinyume chake. Kinachojaa si kiwanja, ni eneo: ujazo mkubwa ni nyumba nyingi zilizobanana, kwa hiyo kila mtu anapata kipande kidogo. Vile vikubwa vya kujinafasi, ambavyo kwa kawaida ndivyo vya bei, ni vya ujazo mdogo.

Ukishapata kiwanja, vipimo vinaanza upya. Mchoraji anachora ramani kwa mita. Fundi anaongelea tofali za inchi tano au sita, na kenchi, yaani fremu za kubeba paa, anazipiga kwa mbao za mbili kwa nne, ambazo ni inchi. Nondo ni za milimita, kumi au kumi na mbili. Msingi na ukuta wake vinahesabiwa kwa kozi, yaani mistari ya tofali, kwa hiyo ukiambiwa "msingi kozi nne" bado hujajua urefu mpaka ujue tofali lenyewe lina kimo gani, limelazwa au limesimamishwa.

Halafu yanakuja mabati, ambayo kipimo chake cha unene, yaani geji, kinakwenda kinyumenyume kama ule ujazo. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Desturi hiyo ilianza kwa watengeneza waya. Waya ulivutwa ukipitishwa kwenye tundu, kisha kwenye tundu jembamba zaidi, na kila ulipovutwa tena namba ilipanda huku waya wenyewe ukikonda. Muuza duka akikwambia kwa bashasha kwamba geji 28 zimekwisha ila anazo za 32 kwa bei poa, anakuuzia bati ambalo fundi akilikanyaga vibaya juu ya paa linabonyea.