Mgahawa wa Kinyumbani wa Kihispania na Kiitaliano: Maana Yake Mezani

Mtu akialikwa na marafiki hapa Lubumbashi kwenye mgahawa "wa kinyumbani" wa Kihispania na Kiitaliano, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni pitsa, cha pili ni bei. Si vibaya kuvifikiria, lakini havimwambii anakwenda kukaa mahali pa namna gani. Kwa Waitaliano na Wahispania, ukinyumbani wa mgahawa ni utaratibu: nani anaamua kipikwe nini leo, sahani inawekwa mbele ya nani, na watu wanakaa mezani mpaka lini. Kitambaa cha miraba myekundu na picha ya bibi kizee ukutani ni mapambo tu, na mapambo yanauzwa dukani.

Tuanze na Italia, maana majina yake ndiyo yanayoonekana zaidi kwenye mabango. Ristorante ni mahali rasmi, penye menyu ndefu na wahudumu wenye sare. Trattoria kwa kawaida ni ya familia: mmoja yuko jikoni, mwingine anapokea wageni, mtoto mkubwa anabeba sahani. Vyakula ni vya mkoa ule ule, na mvinyo wa nyumba unaletwa kwenye jagi. Osteria zamani ilikuwa nyumba ya mvinyo. Ulikwenda kunywa, na chakula uliweza kuja nacho mwenyewe kutoka kwako. Siku hizi mipaka hiyo imefifia kabisa. Osteria Francescana ya mji wa Modena ina nyota tatu za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, na ilitajwa kuwa mgahawa bora duniani mwaka 2016 na tena 2018. Kwa hiyo jina la mlangoni si ushahidi wa kitu. Hispania nako kuna casa de comidas, yaani nyumba ya vyakula, na kuna baa za mtaani ambazo mchana hutoa menú del día: chakula cha kwanza, cha pili, mkate, kinywaji, na kitamu au kahawa, vyote kwa bei moja. Utaratibu huo ulitiwa nguvu na serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, miaka ya 1960, ukilenga watalii, lakini walioufaidi zaidi ni wafanyakazi wa Hispania wenyewe.

Alama ninayoiamini mimi ni urefu wa menyu. Mgahawa wenye vyakula themanini hauwezi kuwa wa kinyumbani, hata ukipigiwa gitaa. Jiko la nyumbani hupika kilichopatikana sokoni, na menyu hubadilika. Roma wana desturi ya kula gnocchi, vile vidonge vya viazi na unga, siku ya Alhamisi; ukifika Jumatatu, huenda usivikute, na hakuna anayekuomba radhi.

Tukiileta kanuni hiyo Lubumbashi, mambo yanakuwa matamu. Mvua zikishashika, kina mama hupanga uyoga wa msituni kando ya barabara zinazotoka mjini. Miongoni mwake kuna ule wa rangi ya chungwa, wa jenasi ya Cantharellus. Waitaliano wana uyoga wa jenasi hiyo hiyo, wanauita finferli, nao wanautia kwenye tagliatelle, tambi pana, pamoja na siagi na kitunguu saumu. Mpishi wa hapa anayefungua kopo la uyoga mwezi wa Januari, wakati ule mbichi unauzwa mwendo mfupi kutoka jikoni kwake, atakuwa amejifunza mapishi ya Kiitaliano bila kujifunza Uitaliano. Ndivyo ilivyo kwa samaki wanaoletwa kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula. Mgahawa ukikuambia "leo kuna samaki wa Kasenga, kesho sijui", kaeni. Hapo mmefika.

Sasa meza yenyewe. Hapa ndipo Hispania na Italia zinapoachana, na ndipo kundi la marafiki linapovurugikiwa kama hakuna aliyewaeleza.

Kwa Wahispania, sahani ni ya katikati. Watu wengi hudhani tapas ni aina fulani ya chakula, na huagiza "tapas" kama mtu anayeagiza kuku. Tapa ni kipimo. Chakula kile kile, tuseme kamba waliokaangwa kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, kinaweza kuja kama tapa, ambayo ni kisahani kidogo cha kusindikiza kinywaji. Kama media ración, nusu sahani. Au kama ración, sahani kamili ya kugawana. Katika mji wa Granada tapa bado huja bure ukinunua kinywaji. Kaskazini, kwa Wabaski, kuna pintxo: kitonge juu ya kipande cha mkate, mara nyingi kimechomwa kijiti, na kwenye baa kadhaa vijiti vilivyobaki mbele yako ndivyo vinavyohesabiwa wakati wa kulipa. Ukiziona bei za tapas kwenye menyu na kushangaa mbona ni nafuu, basi umeona bei ya kisahani, hujaona bei ya kushiba.

Aliyewahi kuzunguka sinia la michopo, nyama ya kuchoma, na wenzake, pilipili na chumvi pembeni, anaijua tayari adabu ya meza hii. Hakuna sahani yangu wala yako. Unachukua kidogo, unaongea, unachukua tena. Hata kile kipande cha mwisho ambacho kila mtu anakitazama na hakuna anayenyosha mkono, Wahispania wanacho, nao wanakiita kipande cha aibu. Kwa watu wanne msiagize sahani kumi kwa mkupuo. Agizeni nne, mle, kisha muone. Vitu vinavyofaa kuanza navyo si vya ajabu: croquetas, yaani vitonge laini vya kukaanga, patatas bravas, yaani viazi vya kukaanga vyenye mchuzi mkali, mkate uliosuguliwa nyanya kama wafanyavyo Wakatalani, na tortilla. Tortilla ya Hispania haina uhusiano na ile chapati ya mahindi ya Meksiko. Ni mayai na viazi vilivyoiva taratibu ndani ya mafuta ya zeituni, na Wahispania hawajamaliza kugombana kama kitunguu kinaruhusiwa humo. Wengine huiacha laini katikati, karibu itiririke. Usiirudishe jikoni ukidhani haijaiva.

Paella inastahili aya yake. Imetoka Valencia, na ile ya asili ina kuku, sungura na maharagwe mabichi. Ile ya vyakula vya baharini ni ndugu yake. Ni chakula cha mchana na cha kundi, hupikwa kwenye kikaango kipana kisicho na kina, na wali wake haukorogwi baada ya mchuzi kuingia. Chini hubaki ukoko, socarrat kwa lugha yao, na huo ndio unaogombewa. Sababu hizo zote zinaonyesha kwa nini mgahawa mzuri hukataa kukupikia paella ya mtu mmoja, na kwa nini mtangojea nusu saa au zaidi. Ikija baada ya dakika tano, ilikuwa imelala mahali. Mnaoijua siku mtakayokwenda, pigeni simu mapema mwagize.

Italia ni kinyume. Kila mtu ana sahani yake, na kinachogawanwa ni wakati. Vyakula huja kwa foleni: antipasto ya kufungulia, primo, yaani pasta, risotto (wali wao wa mchuzi mzito) au supu, secondo, nyama au samaki, pembeni yake contorno, mboga, kisha dolce, kitamu, kahawa mwisho. Hakuna sheria inayokulazimisha kuchukua vyote. Waitaliano wenyewe siku ya kawaida huchagua viwili.

Kinachotushinda sisi ni primo. Huku Katanga mlo una nguzo, nayo ni bukari, yaani ugali. Sombe (majani ya muhogo), ndakala (dagaa), nyama, vyote vinakuja kuisindikiza. Mtu aliyekulia kwenye mpango huo akiiona tambi anaitafutia cha kusindikizwa nacho, ndiyo maana utawasikia watu wakiagiza spageti "na kuku juu". Kwa Mwitaliano pasta haimsindikizi mtu na haisindikizwi. Mchuzi wake ni wa kuipaka, si wa kuiogeshea, nayo huliwa hadi iishe kabla nyama haijaletwa. Ukisikia ugumu kidogo inapotafunwa, usidhani wameharakisha. Al dente ndivyo inavyotakiwa iwe. Mchuzi uliobaki unafutwa kwa kipande cha mkate, tendo wanaloliita scarpetta. Kwenye ristorante ya kifahari watakutazama. Kwenye trattoria mpishi atafurahi.

Kwa hiyo mgahawa unaounganisha nchi hizi mbili unawapa marafiki meza mbili ndani ya moja, na ugomvi huanzia hapo: mmoja ameagiza croquetas akidhani ni zake, wenzake wanne wanazichovya, mwingine anangojea tambi zake za carbonara huku wote wameshashiba. Ninavyoona mimi, anzeni Kihispania, malizieni Kiitaliano. Sahani tatu nne za katikati mwanzoni, kisha kila mmoja primo yake, na nyama kwa atakayeweza. Pitsa iwekeni siku nyingine. Inajaza meza na tumbo, na ipo kila mahali mjini.

Kuna jambo la kuuliza kabla mhudumu hajaondoka na agizo. Nguruwe amejificha mahali pengi kwenye menyu hizi. Jamón (paja la nguruwe lililokaushwa) na chorizo (soseji) wanajulikana, lakini carbonara ya Roma hupikwa kwa guanciale, shavu la nguruwe, pamoja na mayai, pilipili manga na jibini ya pecorino; tambi za amatriciana nazo zina guanciale hiyo hiyo, na croquetas mara nyingi zina vipande vya jamón ndani. Mvinyo huingia kwenye risotto na michuzi. Kundi la marafiki Lubumbashi halikosi Mwadventista, Mkimbangu au Mwislamu, na si haki mtu aulize peke yake, kwa sauti ya chini, wakati wengine wameshaanza kula. Anayealika aulize kwa niaba ya wote, pale pale mwanzoni.

Halafu muda. Hispania chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, cha usiku huanza saa tatu, hata saa nne. Hapa saa hizo wengi wanawaza usafiri wa kurudi kwenye mitaa ya Katuba au Kenya hapa mjini, kwa hiyo mkitaka kukaa Kihispania kweli, chagueni mchana wa Jumapili. Maana kukaa ndiko kwenyewe: baada ya sahani kuondolewa, watu hubaki na kahawa na maneno, na muda huo una jina lake, sobremesa. Mhudumu hakuletei fakture, yaani bili, mpaka uombe, kwa sababu kukuletea ni kukufukuza. Wateja wengi hukasirika wakidhani wamesahauliwa. Inua mkono, itaje, italetwa.

Kwenye fakture ya Italia mnaweza kukuta coperto, ada ndogo kwa kila kichwa kwa ajili ya mkate na meza. Haihusiani na bahashishi ya mhudumu. Kugawana sawa kwa sawa Waitaliano hukuita kulipa "alla romana", kama wafanyavyo Waroma. Kwa sahani za katikati mgawo huo ni wa haki, maana hakuna anayeweza kuhesabu zeituni za mwenzake. Kwa sahani za Kiitaliano unaweza kumwonea aliyekula supu peke yake. Lakini kwetu kuna swali linalotangulia yote hayo: hapa anayesema "nawaalika" ndiye anayelipa, na kama mnakusudia kukotiza, yaani kuchangiana, neno hilo lisemwe kwenye ujumbe wa mwaliko, lisingojee mezani. Mkichanganya dola na franga, ulizeni mapema nyumba inabadilisha kwa kiwango gani. Na noti ya dola iliyochanika, hata kidogo pembeni, msije nayo. Haitapokelewa, na rafiki mmoja atajikuta analipia watu wawili.