Waliotutoka mwaka 2013: yasemwayo na yaliyo kweli

Umri wa Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, hutajwa kwa uhakika mkubwa, kana kwamba mtajaji ameshika cheti chake cha kuzaliwa. Ukweli ni kwamba Fatuma binti Baraka, kwa jina lake halisi, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, hakuijua tarehe aliyozaliwa. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba alizaliwa zama za rupia, na kwa kuwa rupia iliendelea kutumika visiwani hadi katikati ya miaka ya 1930, kauli hiyo inatuonyesha zama tu, haitupi mwaka. Aliishi umri mrefu sana. Zaidi ya hapo ni makadirio.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile inayomfanya kuwa mwanamke wa kwanza kutia sauti ya taarabu kwenye santuri. Heshima hiyo ni ya Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950, ambaye Bi Kidude alikuwa akimsikiliza na kujifunza nyimbo zake. Kumvika Bi Kidude kilemba cha Siti ni kumdhulumu Siti, na tena ni kumficha Bi Kidude mwenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake haikuwa taarabu hata kidogo: alikuwa kungwi, mpigaji wa msondo katika unyago, akiwafunda wari kwa ngoma na nyimbo ambazo hazikutungwa kwa ajili ya jukwaa. Tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, ya mwaka 2005 ilimkuta tayari ni bibi kizee.

Desemba ya mwaka huo wa 2013 aliondoka Nelson Mandela. Wapo watu, hasa ughaibuni, walioamini kwamba alifia gerezani katika miaka ya 1980, ilhali aliachiwa huru tarehe 11 Februari 1990, akawa rais, na akafariki nyumbani kwake Johannesburg tarehe 5 Desemba 2013 akiwa na miaka 95. Kwetu sisi kosa lililozoeleka ni jingine, nalo ni kusema kwamba miaka yote 27 ya kifungo aliimaliza kisiwani Robben. Kisiwani alikaa takriban miaka 18. Mwaka 1982 alihamishiwa Pollsmoor, kisha Victor Verster, na lango alilotoka akiwa ameshikana mkono na Winnie lilikuwa la gereza hilo la mwisho.

Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria aliyefariki Boston mwezi Machi, hakuwahi kupata Tuzo ya Nobel, ingawa wengi humhesabu miongoni mwa walioipata. Mnigeria aliyeipata katika fasihi ni Wole Soyinka, mwaka 1986.

Tabu Ley Rochereau, mwanamuziki wa Kongo, naye hakufia Kinshasa. Alifariki Brussels tarehe 30 Novemba, ndipo mwili wake ukarudishwa Kongo kuzikwa. Na Rochereau lilikuwa jina la utani la tangu shuleni, si la ukoo.

Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana aliyeuawa katika shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba, hutajwa wakati mwingine kama mtalii aliyekuwa akipita tu. Hapana. Alikuja Nairobi, akiwa na miaka 78, kwa mwaliko wa tamasha la fasihi la Storymoja Hay, kukaa na waandishi chipukizi na kuwasomea mashairi.