Jicho Linapokwama Shavuni: Tunayoamini na Yalivyo

Mwezi uliopita, Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, nilinunua dagaa kwa mama mmoja mwenye baka jeusi la kuzaliwa, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Akanitajia bei ya sado, nikauliza tena. Akarudia, nikauliza mara ya tatu. "Bei haiko shavuni, kaka," akasema bila hasira, mkono ukiendelea kujaza sado.

Wengi tunaamini kuwa macho yakitangatanga, masikio yanabaki kazini. Sivyo. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Madera na Hebl, walichapisha matokeo ya usaili wa kazi ambamo mwombaji alikuwa na alama usoni. Walifuatilia macho ya watazamaji kwa mitambo. Kadiri jicho lilivyokimbilia alama ile, ndivyo mtazamaji alivyokumbuka maneno machache ya mwombaji. Mameneja waliosaili ana kwa ana nao yaliwakuta hayo hayo, na wakampa mwombaji alama za chini. Fikiria umekosa kazi kwa sababu hukusikilizwa!

Husemwa pia kwamba anayekodoa macho ana dharau. Wakati mwingine ni kweli, ila jicho kuvutwa na sura ni maumbile: hata kichanga aliyezaliwa leo hufuata kwa macho mchoro wenye umbo la uso kuliko ule uliovurugwa. Kuendelea kukodoa ndiko kunakomuumiza mtu.

Inayoniuma zaidi ni imani kwamba sura inaanika tabia. Wanasaikolojia Willis na Todorov walionyesha mwaka 2006 kuwa sehemu ya kumi ya sekunde inatosha mtu kuamua kama uso fulani ni wa kuaminika. Alipoongezewa muda, hukumu yake haikubadilika sana. Alizidi tu kuwa na uhakika nayo. Huku Kanda ya Ziwa uhakika wa namna hiyo umeua. Bibi zetu wameitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na wengine wamekatwa mapanga. Wekundu ule ni moshi wa kuni na samadi, miaka arobaini au hamsini ya kupuliza moto ndani ya jiko lisilo na dirisha. Aliyepikia ukoo mzima ndiye aliyeshukiwa.

Jumamosi nilirudi Mwaloni. Nikamsalimia yule mama nikimtazama machoni. Akaniambia dagaa wa siku ile walinyeshewa wakiwa chanjani, nisubiri wa kesho. Nilimsikia mara ya kwanza.