Marekani haikupata Katiba mwaka 1776

Kila nikisahihisha insha za Mapinduzi ya Marekani nakutana na maelezo yaleyale: tarehe 4 Julai 1776 Marekani ilipata uhuru, ikaandika Katiba, Washington akawa rais. Sivyo! Nimeshalisema hili darasani hadi sauti imekauka.

Siku ile Philadelphia lilipitishwa Azimio la Uhuru tu. Uingereza iliutambua uhuru huo katika Mkataba wa Paris wa 1783. Katiba iliandikwa 1787, na Washington aliapishwa New York tarehe 30 Aprili 1789. Wanafunzi wanairuka miaka hiyo 13, kumbe ndimo Katiba ilimozaliwa.

Kuanzia 1781 majimbo yaliunganishwa na Mkataba wa Shirikisho. Hapakuwa na rais wa kuendesha serikali, wala mahakama kuu ya taifa. Kongresi, yaani bunge la majimbo hayo yote, haikuruhusiwa kutoza kodi. Iliyaomba majimbo fedha, nayo yakatoa yalipopenda. Ilipopendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje ili ilipe madeni ya vita, ilibidi majimbo yote 13 yaridhie. Rhode Island ikagoma, mpango ukafa. Askari wengi walikuwa wanadai mishahara yao. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni na kodi walizifunga mahakama kwa nguvu ili mashamba yao yasichukuliwe; mmoja wa viongozi wao, Daniel Shays, alikuwa kapteni katika vita hivyohivyo vya uhuru. Kongresi ilishindwa kupeleka jeshi, na matajiri wa Boston ndio waliochanga fedha za kuwalipa wanamgambo wa kuzima uasi huo.

Mwaka uliofuata wajumbe 55 wakaketi Philadelphia kuandika Katiba. Nawasihi wanafunzi wangu waisome Katiba kuanzia Ibara ya 1, kifungu cha 8. Mamlaka ya kwanza yanayotajwa pale ni ya kutoza kodi. Aliyeijua miaka ya 1780 hataihitaji tafsiri yangu.

Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru, hakuiandika Katiba. Wakati huo alikuwa balozi wa Marekani Paris.

Chai iliyomwagwa baharini Boston mwaka 1773 haikuwa imepandishwa bei. Sheria mpya iliishusha. Walichokataa walioimwaga ni kodi iliyopitishwa na bunge la Uingereza, ambamo hawakuwa na mwakilishi, pamoja na upendeleo kwa Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyouza chai hiyo.

Na wanaoandika kwamba Katiba ilileta uhuru kwa wote waisome tena: katika kugawa viti vya bunge, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, na Kongresi ilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808.